Tenti ya Bluu Bondeni Lambwe

Nitafika sokoni haraka kwa sababu hapo ndipo mambo yaliharibika, na mimi sipendi hadithi ya kuzunguka.

Nilikuwa Form Three, kapteni wa kilabu ya kupanda milima katika shule yetu ya wasichana, upande wa Awendo, pale malori ya miwa hupita siku nzima na watoto wa primary wanakimbia nyuma wakivuta miwa. Watu wengi hawakuelewa hiyo kilabu. Mama yangu kule Isebania aliniuliza, "Mimi nilichunga ng'ombe ndio wewe uende shule. Sasa shule inakufundisha kulala porini?" Nikamwambia ni mambo ya Jiografia. Akasema hata yeye alijua Jiografia, alijua ng'ombe wamepotelea wapi.

Lakini kulikuwa na nafasi moja ya Mlima Kenya, mwezi wa nane. Nafasi moja tu kwa shule yetu. Madam wa Jiografia, mtu wa Nyeri ambaye alikuwa amepanda huo mlima mara mbili, aliniita staffroom akanieleza bila kuzunguka, na ndio maana nilimpenda. Alisema tutatembea siku tatu upande wa Homa Bay, tuvuke bonde la Lambwe, tupande vilima, tuteremke hadi ziwani Mbita. Wasichana sita pamoja na mimi.

"Wapeleke, warudi wazima, na nafasi ni yako," akasema. "Mtu akiumia kwa sababu vifaa havikuchaguliwa vizuri, nitaangalia mwingine."

Sijawahi kutaka kitu vile nilitaka huo mlima. Theluji nilikuwa nimeiona kwa kitabu tu, picha ya black and white, hata huwezi kujua kama ni theluji ama ni mawingu.

Madam alitupa karatasi ya stensil yenye orodha ya vifaa, na mimi niliikariri kama Baba Yetu. Viatu vivaliwe wiki mbili kabla ya safari. Kiberiti kifungwe kwa nailoni. Kila mtu awe na filimbi na kamba. Maji yachemshwe hata kama yanaonekana safi. Msipige kambi kwenye mto mkavu, mvua ya mbali inaweza kuwafikia. Na chini kabisa: tenti iwe na rangi inayoonekana mbali, ili mtu akipotea aione.

Rafiki yangu alikuja kwetu Isebania half-term tununue vitu pamoja. Tulikuwa tunakaa dawati moja tangu Form One na tulikuwa tunaitana deski. Nilipougua alininakilia notes zote. Mambo ya baba yangu, ambayo hata hapa sitaandika, alikuwa anayajua yeye peke yake. Alisema kwao ni Homa Bay town, pale chini karibu na ziwa. Mimi kwao sikuwa nimefika. Kila likizo kulikuwa na sababu, mara wageni, mara mama amesafiri, na mimi sikufuatilia.

Tulienda soko Jumapili kwa sababu yeye ni Msabato, Jumamosi hanunui hata chumvi. Upande ule wa mpaka una kila kitu. Wabadilishaji pesa wanakuita kwa Kikuria, Kijaluo na Kiswahili cha Tanzania, wote kwa pumzi moja. Mimi nilitaka gumboots, nimalize niende. Deski akanikataza.

"Gumboots zitakukata hapa," akasema, akanishika kisigino. "Vaa hizi. Vaa soksi mbili. Sasa ruka."

"Watu wanaangalia."

"Waache waangalie. Ruka, kapteni."

Nikaruka. Zilikuwa buti za mitumba, za mtu fulani Ulaya mwenye miguu kama yangu. Hazikunikata hata siku moja. Ninaandika hii ili mtu asifikirie alikuwa adui yangu. Alikuwa ananichagulia viatu vizuri nusu saa kabla ya mambo ya tenti.

Tenti zilikuwa mbili. Moja ya kaki, ya jeshi la zamani, mlango umetiwa viraka. Ya pili ilikuwa ya bluu, bluu ya kung'aa, na mikanda ya ndani ilikuwa myeusi. Muuzaji alisema imeshonwa na fundi wa Sirare kutoka kwa yale maturubai ya wakimbizi, ambayo miaka hiyo yalikuwa yamejaa kila mahali. Ilikuwa kubwa, watu sita wanaingia bila kupigana viwiko. Mimi roho yangu ilishaenda kwa hiyo. Rangi inayoonekana mbali, si ndio hii.

Lakini deski alisimama akiiangalia. Alishika kitambaa, akaachilia, akashika tena. Jua lilikuwa kali. Muuzaji akachoka.

"Madada, mnachagua tenti ama mnachagua bwana?"

"Unaonaje?" nikamuuliza deski. "Wewe ndio una macho."

Akachukua muda. Halafu akasema, "Bluu ni sawa. Hiyo kaki itatuaibisha."

Hiyo sentensi ninayo mpaka leo. Nimeigeuza pande zote.

Kabla tuondoke alijinunulia shati la kaki la mwanaume na suruali ya rangi ya maziwa. Nikamcheka, nikamuuliza kama anaenda kuandikwa askari wa kanjo. Akasema rangi hizo zinaficha uchafu. Suruali ya rangi ya maziwa inaficha uchafu gani? Lakini mimi nilikuwa nimeshabeba tenti begani na nilikuwa na haraka.

Lori la shule lilituacha asubuhi chini ya ile miteremko ya Kanyamwa, tukaanza kuvuka bonde. Madam mbele na ramani, mimi nyuma kuhesabu watu. Wote isipokuwa madam na deski tulikuwa na tracksuit ya shule, bluu ya giza. Madam alikuwa amevaa koti la kijivu. Nyasi zilifika kiunoni. Tulipita mbali na fensi ya mbuga, kwa sababu madam alikuwa ameambiwa kuna nyati ambao hawaheshimu fensi. Hofu yetu yote ilikuwa nyati. Nilikuwa nimewafundisha wasichana nini cha kufanya: simama kimya, usikimbie, angalia mti wa karibu. Tulifanya mazoezi uwanjani shuleni, mmoja akiwa nyati. Alikuwa nyati mzuri sana.

Karibu saa sita tuliona kitu kimening'inia kwa kichaka. Kitambaa cha bluu na nyeusi, kama sketi imeanikwa kwa kijiti, na juu yake neti nyeupe iliyochongoka. Hapakuwa na nyumba karibu.

"Deski, hii ni nini?"

Akatazama kando. "Sijui. Labda ni ya kutisha ndege."

Ndege wa nini, na hakukuwa na shamba? Hilo swali lilinijia baadaye. Wakati ule nilisema "haya, twende," kwa sababu tulikuwa tumechelewa nusu saa na mimi ndiye nilikuwa na saa.

Saa tisa tukapiga kambi, kwa kivuli, juu kidogo ya mto mdogo, vile karatasi ilisema. Nilifunga kamba mwenyewe. Nilirudi nyuma hatua kumi kuiangalia, na ninakiri nilijisikia vizuri sana. Ile bluu katika ile nyasi kavu yote. Mtu angeiona kutoka juu kilimani.

Waliiona haraka. Kwanza nilifikiri ni nzi wa ng'ombe. Walitua kwa kitambaa mmoja, wawili, halafu sikuweza kuhesabu. Nzi wakubwa wa kahawia, mabawa wanayakunja moja juu ya lingine kama makasi yamefungwa. Hawapigi kelele kama nzi wengine. Unasikia tu sindano ya cherehani imepita kwa soksi. Unampiga kofi, anaanguka, anaamka, anaenda zake. Walituuma mgongoni kupitia tracksuit, walituuma kwa masikio, walimuuma mdogo wetu wa Form One juu ya macho yote mawili. Tuliingia ndani ya tenti na wengine wakaingia na sisi, wakakaa kwa mikanda nyeusi. Madam alitoa chupa yake ya dawa ya mbu akatupaka wote. Nafikiri waliipenda.

Deski alikuwa ameketi mbali juu ya jiwe, juani, na shati lake la kaki, mikono imefungwa mpaka vifungo vya mwisho.

"Njoo utusaidie," nikamwita.

"Naangalia njia," akasema.

Jua lilipozama walipotea, na sisi tukalala vile tulivyoweza. Asubuhi walirudi na mwangaza. Yule mdogo hakuweza kufungua macho. Alikuwa anacheka kidogo, aibu tu, akiuliza kama amekuwa mbaya. Nilikuwa nampepea na karatasi ya orodha wakati mama mmoja alipita na jerikeni ya maji, akaona tenti yetu, akaiweka jerikeni chini polepole.

Kijaluo changu ni cha sokoni, lakini nilielewa. Alisema: nani hawa wamelala ndani ya mtego?

Halafu akamwona deski. Uso wake ukabadilika, akamwita nyarwa, msichana wetu, akamkumbatia, na deski akamwita waya, yaani shangazi, dada ya baba. Hakukumbatia kwa nguvu. Madam alikuwa mtoni anachota maji ya kuchemsha, na wengine walikuwa ndani ya tenti wakipigana na nzi. Yule mama akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, pole pole na kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mgonjwa:

"Mtoto, hii rangi ndio serikali inatundika kichakani kuwashika hawa maugo. Mbung'o. Bluu inamwita, nyeusi inamkalisha. Na nyinyi mmevaa bluu, mmelala kwa bluu. Huyu hakuwaambia?" Akamwangalia deski. "Wewe si ulizaliwa hapa? Si babu yako alikufa na malale? Si ulikuwa unatumwa kuangalia hiyo mitego ukitoka shule?"

Deski akainama, akaifuta matope ile jerikeni ya shangazi yake.

"Niliwaambia, waya," akasema mwishowe, kwa Kijaluo. Hakujua kwamba hayo nayaelewa.

Kutoka hapo alifanya kazi. Hilo siwezi kumnyima. Aliangusha tenti, akaikunja, akaificha ndani ya gunia. Akatuambia tugeuze tracksuit nje ndani, kwa sababu kitambaa cha ndani kilikuwa cheupe. Shangazi yake akaleta kinyesi kikavu cha ng'ombe kwa bati, tukakaa ndani ya moshi mpaka tukakohoa. Kisha akatutoa pale kichakani, akatupitisha palipo wazi, mbali na kivuli, mbali na mto, watu wakifuatana bila kukimbia kwa sababu hao wadudu wanafuata kinachokwenda mbio. Wasichana walimsikiza. Hata madam, aliporudi na kuona, alisema "sawa, tufuate huyu." Kapteni wa kilabu alibeba gunia.

Nilimpata kwenye mteremko, wengine wakiwa mbele.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu soko."

"Tangu soko."

"Na ile nguo kichakani. Nilikuuliza."

"Uliniuliza mbele ya watu." Alikuwa anatembea bila kuniangalia. "Ningesema nimejua wapi? Si ningesema kwetu ni Lambwe? Na wewe ndiye ulianzisha lile jina."

Hiyo ni kweli na ninaiandika. Mtu akisinzia darasani mimi ndiye nilikuwa nasema kwa sauti, "Malale, amka, basi ya Lambwe imefika." Darasa lilikuwa linavunjika mbavu. Nilikuwa na sauti yangu maalum ya kondakta, na sikujua hata kwamba huo ugonjwa wa usingizi unaletwa na nzi.

"Na wewe ulikuwa unacheka," nikamwambia.

"Ulitaka nifanye nini?"

Nilihamisha gunia bega la pili. Lakini sisi sokoni tulikuwa wawili tu, hakukuwa na darasa, na kwetu alikuwa amekula na kulala kitanda changu. Angeweza kusema amesikia kwa redio. Angeweza kusema kaki ni imara zaidi. Angeweza kudanganya uongo wowote mzuri, kwa sababu alijua kudanganya. Na alijinunulia shati. Hapo ndipo nakwama kila mara. Mtu aliyeogopa tu kusema angevaa bluu yake kama sisi. Yeye alijinunulia shati.

Siku ya tatu hatukufika kileleni kama tulivyopanga. Kutoka juu tungeona ziwa lote mpaka kisiwa cha Takawiri, madam alikuwa ametuahidi. Yule mdogo alipata homa, tukakata safari, tukateremka kwa barabara hadi hospitali ndogo ya karibu. Walitutoa damu sote saba, hata madam. Wakapata malaria kwa mdogo peke yake. Ya malale hawakuona kwa mtu yeyote, lakini daktari alisema ugonjwa huo unaweza kujificha, mtu akiumwa kichwa sana ama akisinzia ovyo arudi. Wiki nzima prep za usiku nilikuwa najifinya mapaja nisilale. Hakuna aliyenitania. Nafikiri wangenitania ningelia.

Jumatatu madam alituita sisi wawili staffroom.

"Nani alichagua tenti?"

"Mimi, madam," nikasema. Nikangoja. Nilimpa deski nafasi ndefu, nikaangalia kalenda ukutani, nikasikia saa. Sikutaka aseme kila kitu. Nilitaka aseme tu, tulikuwa pamoja.

"Na wewe," madam akamgeukia, "ulijuaje mambo ya rangi na moshi?"

"Shangazi yangu ameolewa huko, madam. Alinieleza asubuhi ile."

Alisema hivyo nikiwa nimesimama karibu yake hivi, bega kwa bega, vile tulivyokaa miaka mitatu. Hata sauti yake haikutetemeka. Nilijua ninaweza kufungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari: anatoka huko, alizaliwa huko, aliniangalia nikinunua. Lakini ningeyasema na kesho yake darasa zima lingemwita lile jina, na lile jina ni langu mimi. Nikanyamaza. Si kwa wema. Sijui ni kwa nini hasa. Labda nilikuwa bado namngoja.

"Kiongozi ni yule anayejua kujifunza haraka," madam akasema. Halafu akaniambia, bila ukali, "Pole, kapteni. Nilikuambia mapema."

Mlima ukaenda kwa deski.

Nilihama dawati. Nilimwambia mwalimu wa darasa sioni ubao vizuri. Deski mpya alikuwa mtu wa kula chaki, lakini hakuwa na siri yoyote.

Kitu ambacho sikufikiria ni kwamba bado nilikuwa kapteni. Kwa utaratibu wa kilabu, hakuna mtu anatoka na mzigo kabla kapteni hajaukagua na kutia sahihi. Kwa hivyo wiki moja kabla ya safari ya mlima alikuja kwenye store ya michezo na bag yake, akaifungua juu ya meza, akasimama kando kama mtu kwa mpaka anayekaguliwa.

Nilikagua kila kitu. Tochi na betri mpya. Filimbi. Glovu mbili za sufu, moja ya kijani, moja nyekundu. Sweta tatu. Kiberiti ndani ya nailoni. Koti la mvua lilikuwa la mitumba, zuri kwa macho, lakini nilipoingiza mkono ndani na kulinyoosha kwa dirisha niliona mwangaza. Mshono wa begani ulikuwa umeachana mpaka chini ya kwapa. Ukilivaa huwezi kuona. Madam alikuwa ametufundisha kwamba kule juu baridi peke yake haiui mtu haraka, ni baridi na kulowa.

Nikalishika hilo koti. Yeye alikuwa anaangalia mipira ya netiboli.

Sitasema sikufikiria. Nilifikiria vizuri sana, kwa muda kama ule aliochukua yeye sokoni, pengine zaidi. Kalamu ilikuwa mkononi. Ilikuwa kutia sahihi tu na kukunja koti, na mimi nina haraka, kila mtu anajua nina haraka.

"Hii koti inavuja," nikasema.

Akageuka. "Wapi?"

Nikamwonyesha. Akaingiza kidole chake kwenye mshono, kikatokea upande wa pili. Akakiangalia hicho kidole. Niliona ameelewa, kwa sababu uso wake ulianza kufanya kitu, halafu akauzuia.

Yalikuwa maneno matatu tu. Nilitaka ayasikie, ajue yalivyo mafupi.

"Asante, deski," akasema.

"Nitatia sahihi ikishashonwa. Lete kesho, kabla ya saa kumi."

Alisimama kidogo kama anangoja nimwulize kitu, ama aniambie kitu. Mimi nikaanza kuhesabu mipira, nikaandika kwa daftari ya store, na niliposikia mlango nilikuwa nimefika kumi na moja na ikabidi nianze tena.